Punje Moja ya Kuazima

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hilo sote tunalijua tangu shule ya msingi. Lakini, je, umewahi kujiuliza hiyo haba ikiwa inajizidisha mara mbili kila uchao itajaza nini? Mimi nilijiuliza mwaka huu, tena si kwa kupenda. Nilijiuliza kwa sababu ya shilingi 3,000 za mama yangu ambazo zilikuwa karibu kwenda na maji. Habari ya shilingi hizo nitaieleza mbele. Kwanza naomba nikujulishe kwa namba iliyonisaidia. Hii hapa:

18,446,744,073,709,551,615

Usiogope! Ina tarakimu ishirini tu. Ukitaka kuitamka, vuta pumzi kisha useme: kwintilioni kumi na nane, kwadrilioni mia nne arubaini na sita, trilioni mia saba arubaini na nne, bilioni sabini na tatu, milioni mia saba na tisa, elfu mia tano hamsini na moja, mia sita kumi na tano. Nilipoitamka mara ya kwanza darasani, wenzangu walidhani ninakariri shairi.

UBAO WA WAVUVI

Ukifika Dunga jioni, mashua zikiwa zimevutwa nchi kavu na nyavu zimeanikwa, huwezi kukosa kuwaona wavuvi kivulini wakicheza drafti, mchezo ambao wengine huuita dama. Kete zao ni vifuniko vya soda. Mmoja hulaza vyake kifudifudi na mwenziwe hulaza vyake chali, wasije wakagombana. Ubao una miraba 8 kwenda mbele na 8 kwenda kando, yaani miraba 64. Ubao wa sataranji ni uo huo. Na Bao la Waswahili, ingawa lina mashimo 32, huchezwa kwa kete 64. Naona namba 64 inapenda michezo!

Basi kuna hadithi ya kale kuhusu ubao huu. Ibn Khallikan, mwandishi aliyeishi kati ya mwaka 1211 na 1282, aliisimulia hivi. Mtu mmoja wa Bara Hindi kwa jina Sissa aliubuni mchezo wa sataranji, na mfalme akafurahi mno. Akamwambia achague zawadi yoyote. Sissa akasema hataki dhahabu wala ng'ombe. Anataka nafaka tu: punje moja katika mraba wa kwanza, mbili katika mraba wa pili, nne katika wa tatu, nane katika wa nne, na kuendelea hivyo mara mbili mara mbili hadi mraba wa 64. Mfalme akaona huyu ni mjinga, ameomba uji wakati angeweza kuomba mji. Watu wa ghala walipopiga hesabu, wakagundua kwamba mjinga alikuwa mwingine. Nafaka yote ya ufalme haikutosha.

Jumla ya punje hizo ndiyo ile namba niliyokutamkisha hapo juu. Mtaalamu al-Biruni aliiandika kwa usahihi karibu mwaka 1000, bila kikokotoo wala karatasi za mraba. Mimi nilijaribu kutumia kikokotoo cha shule nikaambulia 1.844674407 na kuambiwa nizidishe kwa kumi mara kumi na tisa. Tarakimu za mwisho zilifichwa. Ikanibidi nifanye kwa mkono.

Kumbe si kazi ngumu sana. Huna haja ya kuzidisha kwa mbili mara 64. Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe: 4. Zidisha 4 kwa yenyewe: 16. Kisha 256. Kisha 65,536. Kisha 4,294,967,296. Ukiizidisha hiyo kwa yenyewe unapata 18,446,744,073,709,551,616. Hatua sita tu! Hatua ya sita pekee ndiyo iliyonimalizia kurasa mbili za daftari. Halafu unatoa moja. Kwa nini kutoa moja? Subiri kidogo.

TULIPIMA MCHELE

Namba ikiwa kubwa mno haiingii akilini, hukaa tu juu ya karatasi. Kwa hivyo nilimwomba mwalimu mizani ya maabara. Tulipima gramu 10 za mchele wa Ahero, kisha mimi na wenzangu wawili tukaketi kuhesabu punje moja moja kama kuku. Tukapata punje 403. Kwa urahisi wa hesabu tukasema gramu moja ni punje 40, na kilo moja ni punje 40,000. Tazama sasa mambo yanavyokwenda:

Ukijaza safu ya kwanza ya ubao, miraba 8, unakuwa na punje 255. Hizo ni gramu sita na kitu. Hata kifaranga hashibi.

Ukifika mwisho wa safu ya pili, una punje 65,535. Ni kilo moja na nusu na ushei. Gorogoro halijajaa.

Mwisho wa safu ya tatu, una punje 16,777,215. Hizo ni kama kilo 419, magunia ya kilo 90 ambayo hayafiki matano. Bado mkokoteni mmoja na vijana wenye nguvu wanaweza.

Mwisho wa safu ya nne, nusu kamili ya ubao, una punje 4,294,967,295. Hizo ni tani 107, karibu magunia 1,193. Ghala moja kubwa linatosha. Mfalme bado anacheka.

Sasa ingia nusu ya pili. Ukimaliza ubao wote, mchele ni tani bilioni 461. Dunia nzima kwa sasa huvuna mchele wa tani milioni 500 na kitu kwa mwaka. Ingebidi watu wote wa dunia walime mpunga kwa zaidi ya miaka 800 bila kupika hata sufuria moja ndipo wamlipe Sissa.

Nusu ya kwanza ya ubao ni ghala moja. Nusu ya pili ni mavuno ya dunia kwa miaka 800. Na kanuni ni ile ile, haikubadilika hata kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa hii "mara mbili".

PUNJE YA KUAZIMA

Sasa nieleze kwa nini tunatoa moja. Hii ndiyo tabia ya kwanza ya namba yetu, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote.

Tuseme umeshaweka punje zako kwenye ubao: 1, 2, 4, 8, 16 na kadhalika. Nenda kwa jirani ukaazime punje moja. Iweke pamoja na punje ya mraba wa kwanza. Moja na moja ni mbili. Mbili hizo ni sawa na zile za mraba wa pili, ukizichanganya unapata nne. Nne ni sawa na zile za mraba wa tatu, ukizichanganya unapata nane. Nane na nane, kumi na sita. Inaendelea kuporomoka hivyo hadi mwisho kama mtu anayekunja mkeka. Ukimaliza mraba wa 64 una hasa zile punje ambazo zingekuwa katika mraba wa 65, kama ungekuwapo. Sasa mrudishie jirani punje yake. Umebaki na jumla yako: mraba wa 65 ukitoa moja.

Geuza maneno hayo uone yanavyosema: kila mraba una punje nyingi kuliko miraba yote iliyoutangulia ukiijumlisha pamoja. Imezidi kwa moja. Mraba wa nne una 8, na mitatu ya kabla yake ina 7. Mraba wa kumi una 512, na tisa ya kabla yake ina 511. Mraba wa 64 peke yake una zaidi ya nusu ya nafaka yote ya ubao. Mahali popote utakaposimama, mraba wa mwisho umebeba zaidi ya nusu. Tafadhali liweke hilo akilini, nitalirudia.

Jambo hili ndilo pia linaloipa namba hii kazi ndani ya kompyuta. Kompyuta haijui tarakimu kumi kama sisi, inajua mbili tu, 0 na 1, mithili ya taa iliyozimwa na taa iliyowashwa. Panga taa 64. Ya kwanza iwe na thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, kama miraba ya Sissa. Zikizimwa zote, una sifuri. Zikiwaka zote 64, una namba yetu. Ndiyo namba nzima kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa taa 64. Ukiongeza moja tu, zote huzimika na hesabu inarudi sifuri, maana taa ya 65 haipo.

NAMBA INAVYOPASUKA

Mtu akikutajia namba kubwa, desturi ya wanahisabati ni kuuliza: inagawanyika kwa nini? Kwa yetu, huhitaji kikokotoo kuanza. Tarakimu ya mwisho ni 5, basi inagawanyika kwa 5. Jumlisha tarakimu zote ishirini utapata 87. Kwa kuwa 87 inagawanyika kwa 3, namba yote inagawanyika kwa 3. Lakini 87 haigawanyiki kwa 9, kwa hivyo 9 imekatazwa kuingia.

Kuendelea, tumia kanuni tuliyofundishwa kidato cha pili: mraba wa namba yoyote ukitoa moja ni sawa na (namba hiyo kutoa moja) mara (namba hiyo kujumlisha moja). Kwa mfano, mraba wa 4 ni 16. 16 kutoa 1 ni 15, nayo ni 3 × 5. Namba yetu imetokana na mraba wa 4,294,967,296, ukitoa moja. Basi ni:

4,294,967,295 × 4,294,967,297

Ya kushoto nayo inapasuka: 65,535 × 65,537. Na 65,535 ni 255 × 257. Na 255 ni 15 × 17. Na 15 ni 3 × 5. Umeona? 255, 65,535 na 4,294,967,295 ni zile zile jumla za mchele tulizopata mwisho wa safu ya kwanza, ya pili na ya nne. Jumla ndogo zimejificha ndani ya jumla kubwa kama watoto ndani ya nyumba.

Tumebaki na 3, 5, 17, 257, 65,537 na lile jitu 4,294,967,297. Tano za kwanza ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Je, ya sita? Hapa pana kisa. Katika karne ya 17 aliishi Mfaransa Pierre de Fermat, bingwa wa namba. Aliziangalia hizo tano, akaona zote ni tasa, akaamini kwamba ya sita nayo ni tasa, na ya saba, na ya nane, hadi milele. Watu wakanyamaza, nani ambishie Fermat? Kisha mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi, akaonyesha kwamba ya sita inagawanyika:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Zidisha mwenyewe uhakikishe, inachukua dakika mbili. Na mpaka leo, baada ya zile tano, haijapatikana nyingine hata moja ya aina hiyo iliyo tasa! Kwa hivyo namba yetu ikipasuliwa yote ni:

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Funzo nililopata hapo si la hisabati peke yake. Mifano mitano ya kwanza ikitimia, hiyo si hoja kwamba wa sita utatimia. Fermat alikuwa na akili kutuzidi sote shuleni, na bado mifano mitano ilimpumbaza.

GUGU MAJI LA KWETU

Kuna watakaosema, "Hizi ni hadithi za wafalme, sisi za kwetu?" Haya, twende ziwani. Gugu maji ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Lilionekana upande wetu wa Ziwa Victoria karibu mwaka 1990, na kufikia mwisho wa miaka hiyo ya tisini lilikuwa limefunga sehemu kubwa za Ghuba ya Winam. Wazee wa Dunga husimulia jinsi mashua zilivyokwama siku nzima zikiona ufuo kwa macho. Wadudu aina ya fukusi waliletwa wakalila, upepo nao ukalisukuma huku na huko, likapungua. Hata hivyo huwa linarudi.

Wataalamu wanasema hali ikiwa nzuri gugu hili huweza kujizidisha mara mbili kwa muda wa majuma mawili hivi. Basi nikafanya hesabu ya karatasini. Tuchukue kipande cha mita moja ya mraba, kama ukubwa wa meza ya samaki. Kijizidishe mara mbili kila majuma mawili, bila fukusi wala upepo. Je, kitajaza ziwa lote baada ya muda gani? Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Kujizidisha mara 36 kunatoa mita za mraba 68,719,476,736, yaani kilomita za mraba 68,719. Karibu ziwa zima barabara! Mara 36 ni majuma 72. Mwaka mmoja na miezi mitano.

Ila kitu kilichonitisha ni hiki. Majuma mawili kabla ya mwisho, nusu ya ziwa bado ni maji matupu. Na majuma 12 kabla ya mwisho, gugu limefunika sehemu moja tu kati ya 64. Uone ziwa kama ubao wa drafti: mraba mmoja wa kijani na 63 ya buluu. Nani angeshtuka? Mvuvi angesema, "Ziwa ni kubwa, hili gugu ni la kule tu." Lakini limekaa zaidi ya mwaka mmoja kupata mraba mmoja, na litachukua miezi mitatu kupata 63 iliyobaki.

Kwa bahati nzuri gugu la kweli haliendi hivyo hadi mwisho. Kila kinachojizidisha mara mbili, mwishowe hukutana na ukingo: chakula kinaisha, fukusi wanafika, au ziwa lenyewe linakwisha. Suala ni nani atakayekuwa pale ukingoni siku hiyo.

SHILINGI ELFU TATU

Sasa nimefika kwenye habari ya mama. Mama yangu huuza omena na mgongo wazi. Muhula uliopita alikuwa ameweka kando shilingi 3,000, sehemu ya pesa zangu za chakula cha mchana shuleni. Jioni moja akaja jirani, mwanamke mwema ambaye humkopesha mama makaa mama akipungukiwa. Akaketi, akanong'ona:

"Dada, kuna mchezo umeingia. Unatoa elfu tatu tu. Unaleta wenzako wawili, nao kila mmoja alete wawili. Wale wanne wa chini wakishaingia, pesa zao ni zako. Elfu kumi na mbili! Mimi nawajua wanawake watano walioshika pesa mkononi. Watano, nimewaona kwa macho yangu."

Mama akamwangalia. Elfu kumi na mbili ni pesa nyingi kwa muuza omena. Akasema atampa jibu kesho. Mimi nilikuwa pembeni nikifanya kazi ya ziada, na niliposikia "wawili, nao kila mmoja alete wawili" kalamu ikanianguka. Ubao wa Sissa ulikuwa umeingia nyumbani kwetu! Nao wale wanawake watano walikuwa kama zile namba tano za Fermat.

Jirani alipoondoka nikamwambia, "Mama, naomba nikuonyeshe kitu."

"Wewe nawe na masomo yako. Usiku huu?"

"Dakika tano tu, mama."

Nikatandika gazeti mezani nikachukua omena. Nikapanga moja juu, chini yake wawili, kisha wanne, wanane na kumi na sita. Safu tano, omena 31. Nikamwambia, "Mtu analipwa safu mbili za chini yake zikijaa. Sasa tuseme mchezo unasimama hapa. Nani amelipwa?"

Mama akahesabu kwa kidole. Walio juu, mmoja na wawili na wanne. "Saba."

"Na nani hajalipwa?"

"Hawa wanane na hawa kumi na sita. Ishirini na wanne." Akanyamaza. "Mbona ni wengi hivi?"

Ni wengi kwa sababu ya ile punje ya kuazima. Safu ya mwisho peke yake huzidi zote zilizotangulia. Ukiiongezea ile ya pili kutoka mwisho, unapata robo tatu ya watu wote. Haijalishi mchezo utasimama safu ya tano, ya kumi au ya ishirini: daima karibu robo tatu watapoteza. Si kwa sababu wao ni wavivu wa kuleta watu. Ni namba yenyewe ilivyo.

Nikampigia hesabu ya safu 10. Watu ni 1,023. Waliolipwa ni 255, ile ile jumla ya safu ya kwanza ya drafti. Wasiolipwa ni 768, na kila mmoja ametoa 3,000, jumla shilingi 2,304,000. Watatu wa juu kabisa hawakumlipa mtu, maana hawakuwa na mtu wa kumlipa. Ukitoa michango ya wale 255 kutoka kwa pesa walizopokea, faida yao yote ni shilingi ngapi? 2,304,000. Shilingi kwa shilingi! Hakuna aliyevua samaki, hakuna aliyeanika omena, hakuna aliyelima. Pesa zimetoka mfuko huu zikaingia mfuko ule.

"Si kama chama chetu?" mama akauliza. La hasha. Katika chama cha kuzungushiana pesa, wanawake kumi wakitoa 500 kila juma, kila mmoja hupokea 5,000 mara moja, na ukimaliza mzunguko hakuna aliyedhulumiwa. Chama hakihitaji mtu mpya hata mmoja. Mchezo huu usipopata wapya mara mbili ya jana, unakufa.

Na wapya watatoka wapi? Jumla ya safu 20 ni watu 1,048,575. Kaunti yote ya Kisumu katika sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,155,574, pamoja na watoto wachanga. Kenya nzima ilikuwa na watu 47,564,296, na jumla ya safu 26 ni 67,108,863. Basi safu ya 26 haitoshei Kenya. Jumla ya safu 33 ni 8,589,934,591. Watu wote wa dunia ni bilioni nane na ushei. Dunia imekwisha, na kwenye ubao wa drafti ndiyo kwanza tumevuka nusu kwa mraba mmoja!

Lakini kilichomshawishi mama si sensa. Alitazama zile omena akauliza, "Jirani amesema wao wako safu ya ngapi?" Nikamkumbusha kwamba alitaja ya tisa, kwa hivyo sisi tungekuwa ya kumi. Mama akasema, "Basi safu yangu ina watu mia tano na kumi na wawili, nao watahitaji wengine elfu moja, na hao elfu mbili. Sisi wauza samaki wa ufuo huu tunajuana sote. Hao elfu mbili ni kina nani?" Akakusanya omena akawarudisha kwenye karai. Kesho yake akamwambia jirani, "Asante dada, lakini mimi sina watu wa kuleta."

Si kila mtu alinisikiza. Mama mdogo, ambaye ni ndugu yake mama, alisema mimi ni mtoto na hisabati ni za shuleni. Alitoa elfu tatu, akaleta rafiki zake wawili. Mchezo ulisimama kabla hajapata kitu. Pesa zake zilimwuma, lakini kilichomwuma zaidi ni wale rafiki wawili. Siku hizi wakikutana sokoni hawasalimiani. Hapo nikaelewa kwamba kila aliye safu ya mwisho ameletwa na mtu anayemwamini.

Wala si Dunga pekee. Mwaka 1997 nchi ya Albania huko Ulaya ilitumbukia katika ghasia michezo ya namna hii ilipoporomoka. Hapa Kenya mingi iliporomoka mwaka 2006 na 2007, na watu wengi walipoteza akiba na mikopo. Walimu walikuwamo, hata wasomi. Kwa hivyo usimcheke mama mdogo. Mfalme wa Sissa alikuwa na washauri na bado alicheka kwenye safu ya nne.

Ndugu msomaji, sikukataza mtu kushika namba kubwa. Ninachosema ni kwamba ukisikia "mara mbili, mara mbili", usiulize wa kwanza walipata nini. Uliza ubao una miraba mingapi, na wewe unaingia mraba upi.

Kabla kalamu yangu haijafika ukingoni, ninawaachia swali wanachama. Gugu maji la hesabu yangu lilianza na mita moja ya mraba likajaza ziwa kwa majuma 72. Je, lingeanza na mita mbili za mraba, lingejaza ziwa kwa majuma mangapi? Ukisema 36, umekosa, na unahitaji kukaa mezani na omena. Jibu tutalitoa katika mkutano wa chama.

Zile shilingi 3,000 nilizileta shuleni, na chakula cha mchana nimekula muhula mzima.